Ming'ongo ya Mume Wangu

Wako wanawake walioachwa kwa sababu ya ulimi wao, wako walioachwa kwa sababu ya mke mwenza, na nilimjua mmoja aliyeachwa kwa sababu ya kukoroma. Mimi, kwa Bagamoyo yote ninayoijua, ni peke yangu niliyekaa miaka mitano sijui kama nitaachwa au sitaachwa, na sababu ni nazi.

Kisa kilianzia shambani. Mume wangu alikuwa kitinda mimba. Baba yake alipofariki, kaka zake waligawana minazi ya pwani, na yeye akaangukiwa na kipande cha ardhi upande wa bara, kwenye njia ya Fukayosi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Nikiita ardhi naipa heshima tu. Ulikuwa mchanga. Ukimwaga ndoo ya maji pale, kabla hujaiweka ndoo chini huoni tena ulipomwaga. Alipanda minazi huko mara tatu, na mara tatu ikakauka haijafika hata magotini. Mara ya tatu alirudi nyumbani, akaketi kitandani na viatu vyake, akasema, "Nazi zinanidharau."

Nilidhani ni uchovu. Kumbe mwenzangu ameshaanza ugomvi na nazi, na mume wangu ugomvi akiuanza haumalizi upesi.

Sasa kwenye mchanga ule ule, mahali ambapo mnazi ulikataa kuishi, ming'ongo ilikuwa imesimama mizima, imenenepa, haijapandwa na mtu wala kumwagiwa tone la maji. Mng'ongo ni mti wa porini. Matunda yake ni ya manjano, yana ukali kidogo, na wapenzi wake wakubwa ni nyani na mbuzi. Ndani ya tunda mna kokwa gumu, na ndani ya kokwa mna viini viwili vitatu, vidogo, vyenye mafuta. Wanawake wa bara walikuwa wakivitwanga siku wakikosa mafuta mengine, wakaungia mboga au wakajipaka mwilini. Basi. Hakuna aliyewahi kuota kuupanda, kwa kuwa Mungu ameshaupanda.

Mume wangu akaota. Ilikuwa miaka ya vita, mafuta madukani yamekuwa shida, na watu wanapanga foleni kwa kila kitu. Alikuja na makokwa matatu mfukoni, akayapanga juu ya mkeka mbele yangu.

"Mti hauombi maji," akasema. "Unatoa mafuta. Na hakuna aliyeulima. Watu hawa wana macho kweli?"

"Wana macho," nikamwambia, "na wana minazi."

Sikupaswa kusema hivyo. Najua sasa.

Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri alilipeleka wazo lake kwenye baraza ya kahawa. Sikuwapo, lakini nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba naweza kuapa nilikuwapo. Wanaume wale walimcheka hadi wakamwaga kahawa. Mmoja alisema mng'ongo ni chakula cha tembo. Mwingine akamuuliza mavuno atagawana vipi na nyani, nusu kwa nusu au nyani wapate theluthi mbili. Haya yote aliyastahimili. Ndipo wa tatu akasema, kwa upole kabisa, "Wewe maneno tu. Bila nazi ya mkeo huwezi kumaliza juma moja."

Mume wangu akasimama. Akasema, "Wallahi, nazi ikivuka kizingiti cha nyumba yangu kabla mti wangu haujanipa mafuta ya kukaangia samaki, mke wangu ana talaka moja!"

Nimeambiwa hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe.

Mimi wakati ule nilikuwa uani, nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Jirani yangu akaingia bila hodi, kanga inamdondoka. Alikuwa mjane, mama mwenye mwili na sauti, na habari za mji mzima zilipita kwake kwanza.

"Shoga, acha! Hiyo nazi imeingia lini?"

"Asubuhi. Kwani imeibwa?"

"Alhamdulillahi," akasema, akaketi chini. "Basi bado umeolewa."

Alipokwisha kunieleza, sikulia. Nilisimama, nikachukua nazi iliyokunwa na isiyokunwa, tui, chicha na ile mbuzi yenyewe, nikavihamishia vyote kwake. Mume wangu akaja mbio. Tangu nimjue sikuwahi kumwona anakimbia. Akasimama mlangoni, akanitazama mimi kwanza, halafu akatazama jikoni.

"Ile nazi?"

"Iko kwa jirani. Na chakula chako cha jioni kiko huko huko, nacho hakirudi."

Nilimwambia mengine ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia angeapa kwa ndevu zake, angeapa kwa mguu wake wa kulia, angeapa kwa hiyo ming'ongo yenyewe. Kwa nini akachukua ndoa yangu, ambayo tuliiingia watu wawili, akaiweka mezani peke yake? Alisimama anaangalia vidole vya miguu yake. Akasema ulimi umeponyoka. Nikasema basi angeufunga kamba. Nilikuwa na hasira ya kweli, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Nilimpenda mtu yule. Sikutaka kwenda kwetu na mkeka wangu kichwani kwa sababu ya tui.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu, tujue mipaka. Maalim alikuwa mshonaji wa kofia, na fatwa zake zote alizitoa huku anashona, uzi mdomoni. Kwanza alimkaripia mume wangu kwa kuifanyia talaka mchezo, akamkaripia mpaka akatoboa kidole chake mwenyewe kwa sindano. Kisha tukaanza kuuliza.

Paa letu la makuti?

Si nazi.

Fagio la chelewa? Kamba ya kitanda, ya usumba wa makumbi?

Si nazi.

Kata ya kifuu ya kuchotea maji?

Maalim akasita. "Itoeni."

Mafuta ya nazi ya nywele?

Akasita zaidi. "Yatoeni nayo, kwa tahadhari."

Nywele zangu nilizipaka mafuta ya nazi tangu nikiwa na nywele. Njia nzima ya kurudi nilitembea mbele yake, na mume wangu alikuwa na akili ya kutosha kutonifikia.

Kupanda alipanda kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Hakutaka mbegu, kwani mbegu zingechukua miaka mingi. Alikuwa ameona kwamba tawi nene la mng'ongo ukilichomeka ardhini mvua zinapoanza, linashika mizizi. Akapanda punda kwenda ndani zaidi bara kutafuta matawi. Kule wanawake walipomwona na shoka chini ya miti wanayookotea matunda, walimfukuza kwa mawe. Akaenda kwenye miti mingine, isiyo na tunda hata moja, ambayo hakuna aliyeijali. Alirudi amefurahi. Alinieleza kwamba bahati imemwendea vizuri, maana miti ile isiyozaa ilikuwa minene kuliko mingine, na majani tele.

"Ile inayozaa imechoka," akasema. "Hii imejiwekea nguvu zake. Nguvu hiyo yote nimeikata nimeileta."

Nikaona ana maneno ya maana. Naungama. Nilimshikia matawi yale moja moja, akayachimbia, tukayafukia na kuyakanyagia udongo, arubaini kwa hesabu, na kiangazi cha kwanza tukayabebea maji. Yakachipua yote. Hakuna hata moja lililokufa. Watu wakaja kutazama, hata wale wa barazani, wakazunguka na kukohoa. Mume wangu akatembea mjini kifua mbele, amekonda kama ufito, maana alikuwa anakula wali mkavu kila siku.

Hapo sharti nieleze tofauti kati yetu. Kiapo kilikataza nazi kuingia nyumbani; hakikutukataza kula nje. Mimi kila alasiri nilikuwa kwa jirani. Nilikula kwake samaki wa nazi, kunde za nazi, maboga ya nazi na mkate wa kumimina, nikanenepa mpaka nikabadilisha mafundo ya kanga. Yeye hakukubali kuonja nazi popote. Kaka zake wakimkaribisha anasema ameshiba. Tulipopita njiani pamoja, watu walisema yule bibi ana roho ngumu, anakula peke yake mumewe anakufa njaa.

Shida kubwa ilikuwa Ramadhani. Kila mtu anajua kwamba jirani hupelekewa futari, na sahani haikataliwi. Na futari ya pwani bila nazi sijaiona. Kwa hiyo kila jua likikaribia kuzama nilikuwa nimesimama mlangoni mikono nimeitanua, nazuia sahani. "Ahsante, ahsante, weka hapo barazani." Viazi vya nazi barazani, magimbi barazani, tambi barazani. Mume wangu anafuturu ndani kwa tende na muhogo wa kuchemsha, amekaa karibu na dirisha. Mwaka wa kwanza alikwenda kumuuliza maalim kama harufu nayo inahesabiwa. Maalim akamwambia harufu haina kizingiti, anuse atakavyo.

Hata hivyo haikuwa mzaha siku alipokuja shangazi yake kutoka Pangani. Bibi wa watu macho yalikuwa yamefifia, masikio ndiyo kabisa, na alikuja na kikapu cha zawadi. Nilikuwa uani nafua. Nasikia hodi, nageuka, namwona amekwisha inua mguu kuvuka kizingiti, na juu ya kikapu nazi mbili, zimefuliwa makumbi vizuri, zinanitazama. Nilipita chumba kizima sijui vipi. Nikakidaka kikapu, nikakisukuma nje. Naye akakikumbatia, akapiga yowe la mwizi, tukavutana pale mlangoni mbele ya mtaa mzima, mimi nalia "Shikamoo shangazi, shikamoo shangazi," yeye ananipiga kwa kiatu. Nazi zikaangukia barabarani. Nilipoona zimeangukia upande wa nje, nikakaa chini hapo hapo. Shangazi mpaka anakufa alisimulia kwamba mke wa mwanawe alimnyang'anya nazi.

Mwaka wa nne, kabla ya vuli, ming'ongo ikatoa maua. Mashada marefu, mekundu ya kuiva, nyuki wamejaa mpaka shamba zima linavuma. Mume wangu alilia. Alikwenda barazani kwa mara ya kwanza tangu kiapo, akawaalika wote waje waone, na wakaja. Nikanunua chupa tupu ya kuwekea mafuta, nikaiosha, nikaiweka rafuni.

Maua yakaanguka. Chini pakawa pekundu, juu hamna kitu. Tukasema upepo. Mwaka wa tano maua yakaja tena, mengi kuliko ya mwanzo, yakaanguka tena. Tukasema mdudu. Mume wangu akafukiza, akasoma dua, akaizungukia miti mmoja mmoja na shoka mkononi akiitisha: "Usipozaa nakukata!" Mimi ilinibidi nisimame nyuma niiombee, "Uache bwana, mwakani utazaa," maana ndivyo mti mgumu unavyofanyiwa: mmoja anatisha, mwenzake anaombea. Tulifanya hivyo mara arubaini. Nilipofika mti wa thelathini nilikuwa natamani nibadilishane naye shoka.

Jirani yangu alikuwa na kijishamba cha muhogo kilichopakana na mchanga wetu. Siku ile alisimama mpakani anatuangalia, anatafuna muwa. Tulipomaliza akaja, akaokota shada la maua, akaligeuza geuza. Yeye nyumbani kwake alikuwa na mipapai.

"Shoga," akaniambia, "hii nani alikuchagulieni?"

"Mwenyewe."

"Akakata kwenye mti unaozaa au usiozaa?"

Nikamweleza: wanawake, mawe, miti minene iliyojiwekea nguvu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutikisika. Alicheka, akashika kiuno, akaketi mchangani.

"Madume!" akasema. "Yote madume! Kama mipapai yangu ile isiyozaa. Mumeo kajaza shamba mabwana harusi arubaini, hakuleta bibi harusi hata mmoja!"

Mume wangu alikuwa amesimama karibu, na alisikia. Aliliweka shoka begani akashika njia ya nyumbani, na mimi nyuma yake. Nilihesabu kichwani: madume hayazai, mafuta hayaji, kiapo hakifunguki. Nitazuia mlango ule mpaka nizeeke, na siku nitakayosinzia nitakuwa nimeachwa.

Alikaa siku nyingi haendi popote. Barazani walishapata habari. Sikuuliza walisema nini. Chakula alikuwa anakigusa tu. Mimi nikavaa buibui nikaenda kwa maalim.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba, mwanangu. Imeingia?"

"Haijaingia. Nataka kujua, ikiingia, ndiyo mwisho wangu na mume wangu?"

Maalim akaitoa sindano kwenye kofia. "Mwisho? Si alitaja talaka moja? Talaka moja mume anaweza kurejea ndani ya eda. Anasema tu nimekurejea, mmeshakuwa mke na mume kama jana. Ndoa mpya haitakiwi, mahari hayatakiwi."

Miaka mitano. Kata ya kifuu, nywele zangu, shangazi na kiatu chake. "Maalim! Mbona hukutuambia?"

"Wewe hukuuliza," akasema. "Mumeo aliuliza. Alikuja peke yake juma lile lile la kiapo. Nikamwambia hivi hivi: mwache mkeo aingize nazi yake, itampata talaka, mrejee hapo hapo, ukale wali wako. Akaniuliza, 'Katikati ya nazi kuingia na mimi kusema nimekurejea, atakuwa nani wangu?' Nikamwambia hapo katikati atakuwa mtalaka wako, ni kitambo cha kumeza mate tu. Akasema, 'Basi hicho kitambo sikitaki.' Akaondoka." Maalim akatunga uzi tena. "Nikamwona mjinga. Lakini sikumwona mjinga wa kusemwa."

Sijui nilirudije. Nakumbuka nilisimama kwa jirani, nikakataa chakula, akadhani naumwa. Nikamsimulia. Halafu akaniuliza, "Kiapo chake kilisema mti alioupanda, au mti wake?"

"Mti wake."

"Basi njoo."

Kwenye shamba lake la muhogo, kando ya mpaka, ulikuwapo mng'ongo mkubwa wa siku nyingi. Aliurithi pamoja na shamba, na faida yake yote ilikwenda kwa mbuzi. Pwani kwetu udongo ni wa mmoja na mti unaweza kuwa wa mwingine. Watu wana minazi yao katikati ya mashamba ya watu na hakuna anayeshangaa. Jirani akataka kumpa mume wangu mti ule, hiba, mbele ya mashahidi.

"Nimechoka kukulisha," akaniambia. "Miaka mitano, shoga. Una tumbo wewe."

Mume wangu akakataa. Alisema mti wa kupewa si mti wa kulima, alisema watu watamcheka, akasema afadhali aanze upya na mbegu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Nimetoka kwa maalim. Ameniambia ulichomwambia."

"Maalim yule," akasema, "hana siri hata kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia niingize nazi."

Ni kweli, ningemwambia. Ningeibeba mwenyewe siku ile ile. Nikakaa karibu naye, nikamshika mkono, jambo ambalo mchana hatukuwa na desturi nalo, nikamwambia akapokee ule mti. Akaenda akapokea.

Mti ule, iwe ni kwa sababu ya mabwana harusi arubaini jirani yake au ni kudra tu, mwaka ule ulizaa mpaka matawi yakainama. Tukaokota, tukamenya, tukaanika makokwa. Halafu tukaanza kuyavunja, na ndipo nilipoelewa kwa nini watu wenye akili hawakuwahi kuulima mng'ongo. Kokwa lile ni jiwe. Unaliweka juu ya jiwe, unalipiga kwa jiwe, nalo linaruka linampiga mwenzako. Ukilipasua, viini unavichokoa kwa mwiba. Tulivunja siku nyingi, mimi na yeye na jirani, vidole vimevimba, na vyote tulivyopata havikujaza bakuli. Nikavitwanga, nikavikanda kwa maji ya moto, mafuta yakaelea, nikayaengua kwa kijiko. Mwisho wake kilipatikana kikombe kimoja cha kahawa, na chenyewe hakikujaa.

Samaki alikuwa tasi, mdogo kama kiganja changu. Mkubwa zaidi asingetosha kwenye mafuta yale. Niliweka jiko nje barazani, kweupe, ili shahidi asije akasema hakuona. Wakaja wa kahawa wote. Maalim akaja na kofia yake na sindano. Mafuta yakachemka, samaki akalia ndani ya kikaango, na watu wazima wakapiga makofi kama watoto. Yule aliyesema mume wangu hawezi kumaliza juma alipewa kipande cha mkia. Akatafuna taratibu, akasema ni kitamu, na sauti yake haikuwa nzuri.

Jirani alikuwa tayari na nazi kwapani. Akamkabidhi mume wangu. "Haya bwana, ingiza."

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo mpaka kizingitini, akasimama.

"Maalim, una hakika?"

"Nina hakika. Mti wako, mafuta yako, samaki kaliwa. Ingia."

Akainua mguu. Akaurudisha chini.

"Hakuna shaka hata kidogo?"

"Hakuna!"

Watu wakaanza kucheka. Mume wangu hakucheka. Alinitazama mimi, niliyekuwa nimesimama ndani, kanga yangu inanuka samaki. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaiweka nazi barazani.

"Mke wangu," akasema, "tafadhali, azima mbuzi kwa jirani. Ikune hapa nje."

Nikatoka. Nikakaa juu ya mbuzi mchana kweupe, mbele ya wanaume wote wale, nikakuna nazi huku machozi yananitoka, na aliyeniuliza nilimwambia ni moshi. Baadaye alinijengea banda la kupikia nje ya ua. Tuliishi miaka mingi baada ya siku ile, na nazi haikupata kuvuka kizingiti chetu. Wageni walidhani ni mwiko wa ukoo wa mume wangu. Nilikuna nje, kiangazi na masika, na sikumwambia hata siku moja kwamba sasa inatosha.